Maji Yanapanda? Siku Nne Skopje

Mtu aliyekulia Michenzani, Unguja, ana swali moja linalomtoka kila akiona jengo la ghorofa, popote alipo: maji yanapanda? Haulizi kodi, haulizi lifti. Sisi tulikaa ghorofa ya tano. Mfereji wa jikoni ulikuwepo, wa chooni ulikuwepo, na yote miwili ilikuwa mapambo. Maji yalikuwa chini, sisi juu, na baina yetu palikuwa na ngazi ambazo hadi leo nikifumba macho nakutajia ipi imemeguka ukingo. Dumu mkono wa kulia, ndoo mkono wa kushoto, na hiyo ni kabla ya skuli.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni jicho gani lililokwenda kutazama majengo ya Skopje, mji mkuu wa Makedonia Kaskazini. Siku hizi wapo watu wengi wanaosafiri kwa ajili ya zege tu. Wanatundika picha zao mitandaoni, kijivu juu ya kijivu: mnara, wingu, kona kali ya ukuta. Hakuna mtu, hakuna nguo kwenye kamba, hakuna mtoto. Nazipenda picha hizo, sitasema uongo. Lakini kila nikiziona hujiuliza, wakaazi walitolewa kwanza, au waliombwa wasichungulie madirishani?

Ugonjwa huu niliupatia Ujerumani. Masomo yalinipeleka Halle, upande uliokuwa Ujerumani Mashariki, mji ambao hata Wajerumani wenyewe wakikusikia unaishi huko hukuuliza umekosa nini. Ng'ambo ya mto Saale kuna Halle-Neustadt, ulioanza kujengwa mwaka 1964 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya kemikali. Humo mna jumba moja waliloliita Block 10, ghorofa kumi na moja, urefu wake mita 380. Jumapili moja nikalitembea kutoka kichwa hadi mkia, na nilipofika mwisho nilikuwa nacheka peke yangu. Nilikuwa nimekutana na ndugu.

Maana majumba yetu nayo yana damu ya huko. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Mzee Karume alitaka mkaazi wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, atoke kwenye nyumba ya udongo aingie ya kisasa, na ramani zikachorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Barabara mbili pana zinakutana Michenzani, na pembeni mwake yamelala majumba kama mabehewa ya treni. Ili yalale yale, nyumba nyingi zilivunjwa. Ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa moja: udongo na makuti, baraza mbele, ua nyuma. Akapewa fleti. Miezi ya mwanzo alikuwa akilalamika kwamba hawezi kulala juu ya vichwa vya watu, yeye si njiwa. Baadaye akazoea, na alipozeeka hakutaka kuteremka kabisa, ila hilo lilikuwa la magoti, si la mapenzi.

Mtalii hafiki kwetu. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mgeni akishapiga picha milango ya nakshi, akanunua karafuu na iliki Darajani, hugeuza. Barabara moja tu ndiyo ya kuvuka, lakini hana sababu ya kuivuka. Hakuna aliyemwambia kuna kitu.

Skopje niliijua kwa picha moja ndani ya kitabu cha maktaba ya chuo. Jengo lenyewe lilikuwa duara, zege tupu, limezungukwa na vipande vikubwa vilivyopinda kama petali za yungiyungi linalofumbua, na nyuma yake mnara mzito kama ngome. Nikadhani ni msikiti wa kisasa, au mtambo wa nyuklia. Chini ya picha pameandikwa: posta. Posta! Mahali pa kununulia stempu. Nikafunga kitabu nikaenda kutafuta nauli.

Njia rahisi niliyoipata ilikuwa ndege hadi Sofia, Bulgaria, kisha basi la saa tano hivi kupita milimani. Mpakani askari alikigeuza paspoti changu mara tatu, akasoma mahali pa kuzaliwa, akaniuliza kwa Kijerumani cha kuokoteza ninakwenda Skopje kufanya nini. Nikamjibu ukweli: kuona posta. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekwambia amekuja Unguja kuona bomba la maji. Akagonga muhuri.

Tuliingia usiku. Nikashuka kwenye basi chini ya paa nene la zege, nikaburuta begi langu baina ya nguzo kubwa kama mibuyu, juu yangu kitu kikanguruma, vumbi kidogo likashuka. Nikawa naulizia mlango wa kutokea. Kumbe nilikuwa ndani ya jengo la pili kwenye orodha yangu. Stesheni ya Skopje imeinuliwa juu ya nguzo: treni zinapita juu, mabasi yanasimama chini, na mgeni anababaika katikati.

Habari ya stesheni hiyo inaanzia kwenye stesheni nyingine, ile ya zamani, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Nusu yake imebomoka na haikujengwa tena. Iliyobaki ni makumbusho ya mji. Ukutani mna saa kubwa iliyosimama. Mshale mfupi umepita kidogo tano, mrefu umepita kidogo tatu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa: saa kumi na moja na dakika kumi na saba, alfajiri. Tarehe 26 Julai 1963. Tetemeko la ardhi liliua watu zaidi ya 1,000 na sehemu kubwa ya mji ikalala chini.

Nilisimama mbele ya saa ile nikihesabu kwa vidole. Julai 1963 ule mji unaanguka. Disemba Zanzibar inapata uhuru, Januari mapinduzi, Aprili muungano. Miezi tisa. Watoto waliotungwa mimba Skopje usiku wa tetemeko walizaliwa wakati kwetu nchi imeshabadilika jina. Halafu pande zote mbili wakubwa wakakaa kwenye meza, wakakunjua karatasi nyeupe, wakaanza kuchora mji upya.

Tofauti ni kwamba Skopje ilichorewa na dunia nzima. Yugoslavia ya Rais Tito, ambayo Skopje ilikuwa ndani yake, haikuwa ya Mashariki wala ya Magharibi, kwa hiyo misaada ilitoka kotekote: madaktari wa jeshi la Marekani, wahandisi wa jeshi la Urusi, nyumba za mbao za kuunganisha kutoka nchi kadha wa kadha. Wasovieti walitoa kiwanda kizima cha kufyatulia kuta za zege za nyumba. Poland wakatoa jumba la sanaa za kisasa kilimani, na Picasso akaipa makumbusho hiyo mchoro wake. Umoja wa Mataifa ukaandaa shindano la kupanga katikati ya mji mwaka 1965. Asilimia 60 ya tuzo alichukua Mjapani Kenzo Tange, aliyesanifu makumbusho ya amani ya Hiroshima, mtu ambaye mji uliosagika haukuwa jambo geni kwake. Asilimia 40 ilikwenda kwa wasanifu wa Zagreb. Ukitembea mjini unaiona ndoa hiyo na ugomvi wake.

Tange alitaka mji uwe na Lango na Ukuta. Lango ni ile stesheni iliyonibabaisha, ambayo ilifunguliwa mwaka 1981 na kuachwa peke yake, kwa sababu mengi ya pembeni aliyoyachora hayakujengwa. Ukuta ulijengwa. Si boma la vita. Ni mfululizo wa majumba ya kuishi yaliyouzingira moyo wa mji, mengine ya ghorofa chache, mengine minara, yamekaa kwa zamu kama meno. Mimi, bila ya kufikiri mara mbili, nikapanga chumba humo. Ghorofa ya saba.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mfupi, ana sweta la kufuma mwenyewe. Mwanawe aliwahi kufanya kazi Ujerumani, basi tukawa tunazungumza kupitia kwake, simu ikiwa mezani baina ya vikombe. Sikuijua shikamoo ya kwao, nikainamisha kichwa kidogo kama ninavyowainamia wazee nyumbani, naye akanishika mashavu yote mawili. Nilimwita Bibi. Yeye aliniita neno ambalo mwanawe alilifasiri kuwa ni "binti yangu". Nilipotaja Tanzania akasema mara moja, "Nyerere!" akapandisha kidole hewani kama mwanafunzi aliyepata jibu. Kizazi chake ni cha Yugoslavia ya Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote. Tito mwenyewe alizuru Tanzania mwaka 1970.

Akanionesha chumba, kitanda, taulo. Mimi nikaenda moja kwa moja jikoni nikafungua mfereji.

Maji yalitoka kwa kishindo, yakagonga sinki, yakanirukia kifuani. Nikacheka. Bibi akaja mbio akidhani nimevunja kitu. Ikabidi simu ipigwe, nieleze habari za dumu na ngazi na ghorofa ya tano. Alisikiliza hadi mwisho, akasema maneno mengi, na mwanawe akayafupisha: naye amebeba maji. Alikuwa na miaka kumi siku ya tetemeko. Baba yake alimtoa nje amemkunja ndani ya blanketi kama mkate, na baada ya hapo walikaa hemani, halafu kwenye nyumba ya mbao, miaka. Ndoo ilikuwa kazi yake. Alipoolewa wakapata fleti hii, na wiki ya kwanza kila siku alikuwa akifungua mfereji bila haja, anatazama, anafunga.

Sijui nikueleze vipi, msomaji, lakini baada ya hapo sikuweza tena kulitazama jumba lile kwa jicho la wapenda zege.

Asubuhi nikaenda posta. Ilisanifiwa na Janko Konstantinov, mtu wa huko aliyewahi kufanya kazi kwa msanifu Alvar Aalto wa Finland na baadaye Los Angeles, akarudi kwao kujenga. Mnara wa simu ulikwisha mwaka 1974, lile ua la yungiyungi likafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980. Liko kando ya mto Vardar. Kwa karibu halifanani na picha. Zege lina mistari ya mbao zilizolifinyanga, unaweza kupitisha ukucha ndani yake; mahali pengine maji ya mvua yamechora michirizi myeusi kama wanja uliochuruzika. Ukuta una maandishi ya Kisirili, na neno la kwanza nililofaulu kulisoma kwa herufi zao, nikilitamka herufi moja moja kama mtoto wa chuo cha Kurani, lilikuwa "poshta". Nilifurahi kuliko nilivyostahili.

Ila ua hilo limekufa. Ukumbi wa wateja uliungua mwaka 2013, na michoro ya ukutani ya Borko Lazeski ikaharibika kwa moto. Nilipofika palikuwa pamefungwa. Nikabandika uso kwenye kioo kichafu, nikaona giza, nguzo, na njiwa mmoja anatembea sakafuni kwa madaha kama karani mkuu. Nikamkumbuka bibi yangu.

Nilikuwa nimepiga magoti kutafuta pembe nzuri ya picha mzee mmoja aliponisimamia. Akanionesha jengo kwa fimbo, akakunja uso, akageuka akaonesha ng'ambo ya pili, uwanjani, akatabasamu. Hakuna lugha iliyohitajika: binti, mbona unapiga picha hili bovu, zuri si lile pale?

Lile pale ni habari nyingine. Mwaka 2010 serikali ya wakati huo ilitangaza mradi wa kuupa mji sura mpya, au tuseme sura ya kale mpya: nguzo za Kigiriki, kuba, malaika, masanamu mengi mno. Mwaka 2011 likasimamishwa sanamu la shaba la mpanda farasi juu ya nguzo. Jina rasmi ni "Shujaa juu ya Farasi", kwa sababu Wagiriki walikuwa wakigombania nani mwenye haki na Iskandari Mkuu, mfalme wa kale wa Makedonia. Kila mtu anajua ni yeye. Baadhi ya mashehe wetu humnasibisha na Dhulkarnaini wa kwenye Kurani, wengine wakikataa, lakini sidhani kama hata Dhulkarnaini angejitambua pale, taa za rangi zinawaka chini ya kwato na muziki unapigwa. Mtoni mna merikebu za zege ambazo haziendi popote. Majengo ya miaka ya sabini yamevishwa kuta za mapambo juu ya kuta zao. Ukigonga kwa kifundo cha kidole baadhi yake yanalia mashimo, kama boga.

Watu hawakukubali wote. Mwaka 2016 waandamanaji walirusha rangi kwenye masanamu na kwenye lango la ushindi, wakayaita mapinduzi ya rangi. Kabla ya hapo walipigania kituo cha biashara cha GTC, kilichosanifiwa na Živko Popovski na kufunguliwa mwaka 1973, kisifunikwe kwa mapambo hayo. Niliingia humo kunywa kahawa. Hakina mlango mkuu. Kina vipenyo, ngazi na vibaraza, unaingia kutoka upande wowote na kutoka upande wowote, na upepo unapita. Ni duka lililojengwa kama mtaa wa Mji Mkongwe. Nikakaa saa mbili. Wazee wanacheza chesi, wasichana wanakula aiskrimu, hakuna anayekufukuza.

Kuna jengo moja ambalo sikupiga picha hata moja kwa kuwa kwa nje halina la kukuvuta: skuli ya msingi ya Pestalozzi, zawadi ya Uswisi, kazi ya msanifu Alfred Roth, mwaka 1969. Siri yake iko chini. Jengo zima limekalia vipande vya mpira, ili ardhi ikitikisika chini, skuli iteleze taratibu juu badala ya kukatika. Walikuwa wa kwanza duniani kulitia jengo juu ya mpira kwa sababu hiyo. Nilizunguka uzio nikitafuta mahali pa kuuona mpira, sikuupata. Watoto walikuwa mapumzikoni wakiupigia kelele mpira wa aina nyingine. Katika yote niliyoyaona Skopje, hilo ndilo ninalolihusudu. Mtu aliketi akafikiria mtoto atakuwa wapi saa ardhi ikitikisika.

Bweni la wanafunzi la Goce Delčev ndilo linalotafutwa na wapenda zege kuliko yote, minara minne iliyounganishwa kwa madaraja ya angani, kazi ya Georgi Konstantinovski aliyesoma chuo kikuu cha Yale, Marekani, kwa msanifu Paul Rudolph. Nililiona kwa nje tu. Madirishani palikuwa na suruali, taulo, chupa ya maziwa, sufuria. Niliipiga picha ile suruali.

Mchana wa siku ya tatu nilivuka Daraja la Mawe kwenda soko kongwe, na hapo ndipo mwili uliponyooka. Vichochoro, mafundi cherehani, wauza dhahabu, adhana ikipokezana kutoka minara ya kale. Msikiti wa Mustafa Pasha ni wa mwaka 1492. Kuna hamamu ya karne ya kumi na tano iliyogeuzwa jumba la picha; nilipoinua macho kwenye kuba lake na matundu yake ya mwanga nikahisi nimeingia Hamamni nyumbani. Nikaagiza maharage yaliyookwa ndani ya chungu, yaje na mkate. Maharage matamu, sikatai, ila yalilia nazi.

Soko kongwe lilikuwa na watalii. Si wengi, lakini walikuwepo, na wote walikuwa wakipiga picha kuba. Upande wa pili wa mto, kwenye Ukuta, nilikuwa peke yangu na kamera. Nikawaza Darajani.

Siku ya mwisho lifti iliharibika. Bibi alikuwa amerudi sokoni, amesimama chini na mifuko miwili ya pilipili nyekundu za kuchoma; majira ya vuli kila nyumba huko huchoma pilipili kwa ajili ya akiba, na ngazi zote zilinukia. Nikamnyang'anya mifuko. Mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto. Miguu ikakumbuka yenyewe: ngazi mbili mbili, kisha moja moja, kisha kusimama kwenye kituo cha tatu kuvuta pumzi, mifuko chini, bega ukutani. Bibi alikuja taratibu nyuma yangu akishika chuma cha ngazi, akihesabu ghorofa kwa lugha yake, nami nikihesabu kwa yangu.

Tulipofika nikampigia mama kwa video. Alikuwa kitandani pale pale Michenzani, feni inazunguka nyuma yake. Nikamsalimisha na Bibi. Wakatazamana wazee wawili, kila mmoja akisema "jee, jee" kwa namna yake. Mama akauliza kwanza baridi, halafu chakula. Halafu akauliza.

"Na maji jee, yanapanda?"

"Ghorofa ya saba, mama. Tazama." Nikaipeleka simu jikoni, nikafungua mfereji wote.

Aliyatazama yakimwagika, kimya, kama dakika nzima.

"Haya, funga basi, mwanangu," akasema. "Unayamaliza."

Nikafunga.